Mwajiri anayesimamia kwa simu aigharamie

Ikitajwa kazi ya kufanyia nyumbani, au ile ya siku tatu ofisini na mbili nyumbani, mawazo hukimbilia Dar es Salaam: mabenki ya Posta, mashirika ya Masaki, vijana wenye kompyuta mpakato kwenye migahawa ya Mikocheni. Sisi tunaomba mjadala huu uletwe Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, na uanzie Kang'ata, wilayani Handeni. Huku, mfanyakazi aliye mbali na macho ya mwajiri wake ndiye mfanyakazi wa kawaida. Mwalimu, mganga wa zahanati, afisa ugani, mtendaji wa kijiji, wote wana makao makuu ambayo huyafikia kwa basi au bodaboda, na bosi ambaye siku nyingi ni sauti tu kwenye simu. Mwenye shamba la mahindi yuko mjini. Mwenye mtaji wa shimo la dhahabu huenda hajalala hata usiku mmoja karibu na shimo lake.

Zamani umbali huo ulimpa mfanyakazi nafasi ya kupumua na ukamwachia mwajiri wasiwasi. Simu imeyageuza yote mawili. Leo mwajiri anaona, anahesabu, anauliza na anaagiza bila kunyanyuka kwenye kiti. Hatuna ugomvi na hilo. Tunacholalamikia ni kwamba amejichukulia usimamizi, huku gharama na saa za ziada akimwachia aliyeko kijijini. Jambo hilo si la haki, na kwa sehemu kubwa halikubaliki kisheria.

Tuseme kwanza yaliyo mema, maana yapo. Mtumishi wa umma aliyetaka likizo au uhamisho alikuwa akifunga safari na barua mkononi, analipa nauli, analala kwa ndugu, na mara nyingine anaambiwa afisa husika yuko semina. Sasa anaomba kupitia mfumo wa kielektroniki wa ESS akiwa kwenye kituo chake cha kazi. Fomu za OPRAS za kupima utendaji, zilizoanza kutumika serikalini mwaka 2004 na ambazo wengi walizijaza mwisho wa mwaka ili mradi tu, zimepisha PEPMIS, mfumo wa e-Utendaji. Humo mtumishi huingiza majukumu yake na msimamizi wake huyapitia na kuyathibitisha. Kwa mtu wa Kang'ata hili lina maana kubwa. Kazi aliyoifanya vizuri mbali na makao makuu sasa inaweza kuonekana huko juu bila yeye kwenda kujipitisha kwenye korido za wakubwa. Mtendaji naye anakusanya ushuru kwa mashine ya POS, na kila risiti inasomeka halmashauri. Fedha nyingi za wananchi zilizokuwa zikipotelea kwenye vitabu vya stakabadhi zimepata ulinzi.

Sasa tumtazame mwalimu mkuu wa shule ya kijijini, popote nchini, siku ya kawaida. Vipindi vimekwisha, na uji na maji ya shule vimeshughulikiwa. Jioni anaanza kazi ya pili: takwimu za wanafunzi, taarifa za fedha, ununuzi kupitia mfumo wa NeST, majukumu ya PEPMIS, na maswali ya kundi la WhatsApp la kata. Mchana mtandao ulikuwa unasumbua, kwa hiyo anasubiri usiku wenzake walale ndipo mfumo ukubali. Kompyuta ya shule, kama ipo, iko kwenye ofisi iliyofungwa, basi anatumia simu yake. Bando ni lake. Saa 4 usiku unaingia ujumbe: idadi ya madawati yanayopungua ifike kabla ya saa 2 asubuhi. Anavaa viatu, anachukua tochi, anakwenda kuhesabu madawati.

Mtu huyu anafanya kazi nusu kituoni na nusu nyumbani. Ndiyo ile kazi ya mseto inayosifiwa kwenye makongamano ya waajiri mijini, ila kwake imekuja bila mkataba, bila posho na bila mwisho wa siku. Hakuna aliyekaa naye wakakubaliana kwamba sebule yake itakuwa ofisi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa na watu waliowaza WhatsApp, lakini inatosha kwa mengi. Inataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na miongoni mwa yanayotakiwa kuandikwa ni mahali pa kazi na saa za kazi. Inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Halafu kuna kifungu ambacho waajiri wengi hawakitaji: mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi ni saa 10. Agizo lile la madawati, hata kama lingeweza kutekelezwa kwa dakika tano, limeingia kwenye muda ambao sheria imeufunga. Wako wanaoondolewa kwenye ukomo huo, hasa viongozi wa juu na kazi za dharura. Mganga akiamshwa kwa mama mjamzito, hiyo ni dharura na hakuna atakayebisha. Madawati hayazaliwi usiku.

Tunajua jibu litakalotolewa: wilaya nayo imeulizwa na mkoa, na mkoa umeulizwa na wizara, na wizara inajibu swali la Bunge asubuhi. Ni kweli. Basi tatizo liko kwenye mnyororo mzima, na aliye mwisho wa mnyororo ndiye anayelipa kwa usingizi wake. Takwimu nyingi zinazoombwa usiku tayari zimo kwenye mifumo ambayo mwalimu huyohuyo aliijaza mwezi uliopita. Anayeziomba upya anajiondolea usumbufu wa kuzitafuta alikoziweka.

Na gharama? Serikali ilifanya jambo jema baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilipoelekeza vishikwambi vya sensa viende kwa walimu. Aprili mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan aligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima. Tunazisifu hatua hizo kwa moyo wote. Lakini kishikwambi hakifungui mfumo bila bando, na pikipiki haifiki kwa mkulima bila mafuta. Mwajiri aliyenunua chombo amemaliza nusu ya wajibu wake. Nusu iliyobaki ni ile ya kila mwezi, ambayo haina sherehe ya makabidhiano wala picha ya pamoja, na ndiyo inayosahaulika. Simu binafsi ya mtumishi ikiharibikia kazini, ni nani anayeitengeneza? Akianguka na bodaboda akielekea mahali mtandao unaposhika ili atume ripoti, je, msimamizi wake atasema alikuwa kazini ili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umtambue, au atasema kila mtu alikuwa na safari zake? Swali hilo lisingoje ajali. Lijibiwe kwa maandishi leo.

Kuhusu saa za kazi, wenzetu wameshaanza kubishana hadharani. Nchini Kenya, ambako aliyekuwa Rais, Uhuru Kenyatta, aliwataka waajiri wawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani tangu Machi 2020, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka muswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi, na faini ya hadi shilingi 500,000 za Kenya kwa mwajiri atakayekiuka. Shirikisho la Waajiri liliupinga. Ufaransa ilianza kutumia sheria ya namna hiyo Januari 2017, na Ureno ikafuata mwaka 2021. Sisi hatuhitaji kunakili sheria ya mtu. Tuna saa zetu 12 tangu 2004, tuzitekeleze.

Kwa waajiri binafsi wanaoogopa kwamba mfanyakazi asiyeonekana hafanyi kazi, upo ushahidi wa kuwatuliza. Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 1,612 wa Trip.com, kampuni kubwa ya China ya huduma za usafiri. Baadhi yao waliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo, yaliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2024, yalionesha kwamba utendaji wao haukushuka wala upandaji wao vyeo haukuathirika, na walioacha kazi walipungua kwa thuluthi moja. Mameneja waliodhani tija ingeshuka walibadili mawazo baada ya kuona. Ni kweli kwamba hao ni wasomi wa mjini wenye umeme wa uhakika, na hatuwezi kuyabeba matokeo yao mazima mpaka kwenye zahanati ya Kang'ata. Lakini kuna jambo moja linalosafiri: mwajiri aliweka utaratibu na siku zinazojulikana kabla ya kuanza, kisha akapima kazi iliyofanyika.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na mfano ulio karibu zaidi ni wale wanaolima kwa simu. Handeni ina mashamba mengi ambayo wenyewe wako Dar es Salaam, Tanga au Arusha. Msimamizi anaamka, anapanga wapaliliaji, halafu anasimama barabarani na kupiga picha za mistari ya mbele ya mahindi. Mistari ya mbele ni safi siku zote. Mwenye shamba anaitazama picha ofisini kwake, anawaonesha wenzake, anatuma fedha ya mbolea. Ndani ya shamba, hatua hamsini kutoka barabarani, magugu yamefika magotini, na vibarua wa wiki iliyopita bado wanadai. Msimu ukiisha kunakuwa na ugomvi, msimamizi anaitwa mwizi, anafukuzwa, na anayefuata anapewa simu ileile na maagizo yaleyale.

Ukimuuliza mwenye shamba alikubaliana nini na msimamizi, utasikia: aangalie shamba. Hilo halitoshi kuwa makubaliano. Ekari ngapi zipaliliwe mara ngapi na kwa tarehe ipi, kibarua alipwe kiasi gani na siku gani, mbolea mifuko mingapi na nani asaini kuipokea: hayo ndiyo makubaliano. Anayetaja ekari na tarehe anaweza kukaa Dar es Salaam akalala usingizi. Asiyetaja, hata akipigiwa picha hamsini kwa siku, anaona kile tu ambacho kamera imeelekezewa. Mashimo ya dhahabu nayo yako hivyohivyo. Mwenye mtaji anayepiga simu kila saa kuuliza kama mawe yametoka, na hajaweka utaratibu wa mgawo na malipo, anajenga uongo kwa mikono yake.

Watu wa Korogwe wana kumbukumbu ndefu ya jambo hili kuliko mtaalamu yeyote wa rasilimali watu. Kwenye mashamba ya mkonge, Magunga, Ngombezi, Mwelya na kwingineko, wakati wa ukoloni mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Alipewa ngwe yake, yaani kipimo cha kazi ya siku. Akiimaliza mapema, kipande kilitiwa alama na siku ilikuwa yake, akalime bustani au akapumzike. Asipoimaliza, siku ile haikuhesabiwa hata kama alishinda juani. Mshahara ulisubiri kipande kijae. Manamba, yaani vibarua walioletwa kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, waliishi kwa hesabu hiyo.

Hatukisifii kipande. Kiliwabana watu, kilizuia jasho lao kwa wiki nyingi, na ukubwa wa ngwe ulipangwa na mwenye shamba peke yake. Babu zetu walikichukia kwa sababu nzuri. Ila kilibeba kitu kimoja ambacho usimamizi wa simu umekipoteza: mtu alijua kazi yake ya leo inaishia wapi. Mwajiri wa leo amechukua ubaya wa kipande, yaani kungoja malipo na kupangiwa bila kuulizwa, akaacha lile moja jema. Mwalimu wa saa 4 usiku hana ngwe. Afisa ugani ambaye anaweza kuombwa picha yake akiwa shambani na mkulima, jina la kijiji likisomeka, wakati wowote wa siku, hana ngwe. Wangepewa ngwe waliyokubaliana nayo, na stahiki zao zikaja kwa wakati, wasingehitaji kufuatwa na simu.

Na hizo picha zenyewe zinahitaji mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Mwajiri anayekusanya picha za mfanyakazi, mahali alipo na namba za watu aliowahudumia anakusanya taarifa binafsi. Anapaswa kuwa na sababu, kuwaeleza wahusika, na kuzitunza. Kundi la WhatsApp la watu mia mbili, ambalo waliohama kituo miaka mitatu iliyopita bado wamo, si mahali pa kutuma picha ya mgonjwa, mkulima mwenye deni wala mtoto wa shule. Msimamizi anayetaka uthibitisho na awaulize wanaohudumiwa. Mkulima atasema kama afisa ugani alifika. Serikali ya kijiji itasema kama zahanati ilifunguliwa. Ushahidi huo ni bora kuliko picha, na hauli bando la mtu.

Kuna siku za karibuni zilizoonesha jinsi tulivyo bila maandalizi. Tarehe 30 Oktoba 2025, siku moja baada ya Uchaguzi Mkuu, watumishi wa umma walitakiwa kufanyia kazi nyumbani, na intaneti ilikuwa imezimwa nchini. Siku zile zina majonzi yake, mazito kuliko ratiba ya ofisi yoyote, na hatuzitaji ili kuyapunguza. Tunazitaja kwa sababu waajiri wengi, wa umma na binafsi, walijikuta hawana hata ukurasa mmoja unaoeleza nani anaweza kufanya nini akiwa nyumbani, kwa chombo gani, na siku ihesabiweje mtandao usipokuwepo. Mwenye kampuni ambaye wafanyakazi wake hutegemea mtandao kwa kila kitu alipaswa kuwa na jibu, na kama hakuwa nalo wakati ule awe nalo sasa. Mfanyakazi asikatwe mshahara kwa kukosa mtandao ambao hakuuzima yeye.

Miundombinu inakuja. Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kila mnara unaowashwa unawaleta mwajiri na mfanyakazi karibu zaidi, na kwa hiyo unafanya haya tunayoyasema kuwa ya haraka zaidi. Mtandao ukishika kila kitongoji, kisingizio cha mwisho alichokuwa nacho mfanyakazi wa kuzima simu usiku kitaondoka. Kitakachobaki kumlinda ni sheria na makubaliano yaliyoandikwa.

Tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri waandike waraka mfupi, wa ukurasa mmoja, wenye mambo ambayo kila mkuu wa idara atayafuata: maagizo ya kawaida yatumwe ndani ya saa za kazi, yaani saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri; taarifa iombwe mara moja na kupewa muda wa kutosha; dharura itajwe kuwa dharura na aliyeitaja awajibike kwa jina. Vyama vya wafanyakazi, CWT kwa walimu na TALGWU kwa serikali za mitaa, viache kungoja Mei Mosi kulisema hili na viliweke mezani kwenye mabaraza ya wafanyakazi. Wenye mashamba na migodi waandike mikataba, hata ya kurasa mbili kwa kalamu, yenye ngwe, tarehe ya malipo na fedha ya mawasiliano ya msimamizi.

Na madiwani wa Handeni na Korogwe, wakati makisio ya bajeti ijayo yanapopita kwenye kamati ya fedha, waulize swali moja kwa kila idara yenye watu vijijini: kifungu cha bando na mafuta kwa vituo vya kata kiko ukurasa wa ngapi, na ni shilingi ngapi kwa kila kituo kwa mwezi. Kama hakipo, makisio hayo yarudishwe ili kiwekwe.